Mazabodi ya Donatus na Kitambaa Nilichokifuma

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kahama
Tarehe: 12/08/2024. Muda wa kuanza: saa 4:15 asubuhi
Jina: Raudha Abdulshakur
Umri: Miaka 36
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi kompyuta
Makazi: Nyasubi, Kahama

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Nina meza ya ufundi hapo Nyasubi, karibu na soko. Ukuta mmoja unanitenganisha na duka la vipuri la Herman Bujiku, ambaye ndiye mtuhumiwa. Si rafiki yangu. Tangu mwezi wa tano tulikuwa tunasalimiana tu, kwa sababu alisema mbele ya wateja wangu kuwa mwanamke anafaa kuuza kava za simu tu. Nalisema mwenyewe mapema, asije akalisema mwingine.

Mnamo tarehe 3/8/2024, Jumamosi, saa 5:00 asubuhi, alifika Donatus, mlalamikaji, kutoka Nyarugusu. Anahariri video za kwaya. Alitaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya mezani, na prosesa aipandishe mwendo kupita ule wa kiwandani, kama alivyoona mtandaoni. Aliniomba nimchagulie mazabodi, ule ubao mkubwa ambao vifaa vyote huchomekwa.

Nilimpeleka kwa Herman. Herman akatoa bodi ya bei ya chini, nami nikaikataa. Bodi ile haikuruhusu kabisa kupandisha mwendo, na sehemu inayoipa prosesa umeme ilikuwa wazi, haina vyuma vya kupoozea. Nilimwambia Donatus, "Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Achana na taa za rangi, angalia kama itabeba." Tukachukua ya kati, yenye vyuma vizito, inayokubali prosesa yake na isiyomsumbua anayeanza. Ilikuwa mpya. Boksi lilifunguliwa mbele yetu. Nyuma ya bodi niliandika herufi R kwa wino mweupe, kama ninavyofanya kwa kila bodi ninayoifunga.

Saa 10:00 jioni kompyuta iliwaka. Nilipandisha mwendo kidogo, nikaipima saa nzima, joto halikuzidi.

Kwetu kitu kipya hakiendi nyumbani kikiwa uchi. Redio, televisheni, hata friji, vyote huvishwa kitambaa. Nilikuwa nimefuma kimoja, cha kijani na rangi ya maziwa, nikampa Donatus zawadi. Nilimwambia, "Uifunike, vumbi la makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko kwenu halina huruma." Sikumwambia aifunike ikiwa imezimwa. Niliona hilo kila mtu analijua.

Donatus alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, dada." Herman alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mama Akida, hayo matundu ya juu ndiyo pua yake. Utaiziba pumzi." Nilimjibu, "Baba Goodness, wewe uza bodi zako." Nilidhani ni wivu.

Tarehe 9/8/2024, Ijumaa, nilisikia kuwa bodi imeungua na pazia la chumba cha Donatus limeshika moto, na kwamba anadai Herman alimbadilishia akampa bodi mbovu iliyotumika. Jioni hiyo Herman alikamatwa. Amelala mahabusu siku tatu. Nakiri kwamba siku ya kwanza sikusikitika.

Leo saa 3:00 asubuhi niliitwa hapa kituoni niikague kompyuta hiyo kama fundi, Donatus akiwepo. Bodi ni ile ile. Herufi yangu ipo. Imeungua kwenye sehemu ya kuipa prosesa umeme. Katika feni ya juu nilikuta nyuzi zimejisokota, za kijani na rangi ya maziwa.

Nilimuuliza Donatus kama ilikuwa imefunikwa. Alijibu, "Niliifunika ikiwa inafanya kazi, dada. Video ilikuwa ndefu na vumbi lilikuwa linaingia. Si uliniagiza?"

Ningeweza kusema bodi ilikuwa mbovu. Pale mezani fundi nilikuwa mimi peke yangu, na hakuna ambaye angenibishia. Bodi haikuwa mbovu. Herman aliuza kitu kizima, na kilichokiua ni kitambaa changu na maneno yangu niliyoyaacha nusu.

Nilimuuliza afande kama Herman, katika maelezo yake, alitaja kitambaa. Afande alipekua faili, akasema hakukitaja mahali popote. Alisema tu kwamba bodi ilikuwa mpya. Siku tatu, na jina langu hakulitoa. Jambo hilo limeniuma kuliko lile la kava za simu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni haya, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: R. Abdulshakur

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Nyuzi zimechukuliwa kuwa kielelezo. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa 6:20 mchana. Shahidi alikuwa bado yuko kwenye benchi la mapokezi. Alisimama, akasema, "Pole, Baba Goodness." Mtuhumiwa alimuuliza kama mezani kwake kuna chai.

Koplo Gregory, mpokea maelezo.