Uzi Katika Juzuu ya Kumi na Sita

Jumanne, 19 Juni 1962. Mahajanga

Sufuria ya tatu ya chai, na jua bado halijapanda. Siku ya sita tangu tumzike mama. Nyumba hii ya mtaa wa Ampisikina haina pa kuweka mguu. Wengine wametoka Marovoay, wengine Nosi Be kama mie, wengine sijui wametoka wapi. Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya sita, na jembe nimelishika mie.

Juzuu ya pili nimeianza mara nne.

Mwezi uliopita, nilipokuja kumuuguza, mama aliniambia: watakaa watu thelathini, kila mmoja na juzuu yake, wataimaliza Kurani kabla chai haijapoa. Hakutaka hivyo. Alitaka nimsomee mie, yote, peke yangu, polepole, kabla ya arobaini yake. Nikamwahidi. Arobaini ni tarehe 23 Julai.

Ijumaa, 22 Juni

Nimetawadha, nimekaa, nimefungua. Chumvi iko wapi? Huyo Mama mdogo Echata, mdogo wake mama, ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Sauti yake yafika sokoni. Nimempa chumvi, nikapewa na samaki wa kupara. Nikatawadha tena. Mtoto wa kaka kaanguka ngazini. Udhu tena. Kutwa nzima kurasa mbili.

Naandika Kiswahili, alichonifundisha mama kwa vitabu vyake vya dini. Humu wanasema Kingazija na Kimalagasi, na barua zao Kifaransa. Daftari hili hakuna wa kulisoma. Ndiyo faragha yangu yote.

Jumanne, 26 Juni

Sikukuu ya Uhuru. Ngoma na tarumbeta toka alfajiri. Watoto walitaka kuona gwaride, wakubwa wakasingizia watoto, wakatoka wote. Hata Mama mdogo, na msiba wake. Nyumba tupu. Lo! Nikaweka msahafu wa mama juu ya marufaa, nikasema bismillahi.

Nikalala. Paji la uso juu ya ukurasa. Vishindo vya viatu mlangoni ndivyo vilivyoniamsha. Mate yangu kwenye karatasi ya mama. Saa moja tu niliyopewa mwezi huu, na nimelala kama gogo. Najionea haya mpaka sasa.

Jumatano, 11 Julai

Juzuu ya kumi na moja. Nilikuwa nimejificha stoo, kati ya magunia ya mchele. Mama mdogo kanikuta. Wenzio wanalia, wewe umejificha? Mbele ya wageni. Nikamwambia nasoma. Akasema Mungu yupo hata jikoni, mwanangu.

Maneno mazuri. Nimeyachukia. Mie jikoni naona moshi tu.

Na kuna baya zaidi, nalisema humu maana siwezi kulisema kwingine. Stoo palikuwa kimya. Robo saa, kimya kabisa. Ulimi ukasoma, na moyo ukawa unapima mchele: vibaba vingapi mchana, nani hajapewa mkeka. Kelele niliingia nazo mwenyewe. Na tangu mama afe sijamlilia hata mara moja. Sijapata nafasi. Wageni wamenilia machozi yangu yote.

Ijumaa, 20 Julai

Kurani nimeikimbiza, si polepole alivyotaka mama. Nimefika juzuu ya kumi na sita, Sura ya Maryamu. Humo nimekuta uzi. Mwekundu, mfupi kama kidole, umenyofolewa kwenye pindo la leso na kulazwa kwenye mshono wa karatasi. Nyuma ya uzi kurasa zimelainika pembeni kwa kufunuliwa. Mbele yake ni mpya, mbili zimegandana.

Msahafu huu mama hakuufundishia. Ulikaa juu ya kabati.

Nimemwuliza Mama mdogo. Akatabasamu. Ah, huo! Alikuwa akimsomea bibi yenu. Alimwahidi. Nikauliza, akamaliza? Nani angemwachia, mwanangu, na watoto wale wote!

Bibi alikufa mie sijazaliwa. Nina miaka thelathini na minne.

Watoto wa mtaa mzima wamejifunzia Kurani kwenye baraza ya mama. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri wanapiga kelele, na yeye katikati yao na bakora na sufuria. Alijua haiwezekani. Alijua, akanitwika. Maiti wa siku thelathini na saba, na nina hasira naye.

Jumatatu, 23 Julai

Arobaini. Pilau masufuria manne. Sanduku la juzuu limeletwa kutoka msikitini. Wanaume thelathini ukumbini, kila mmoja na yake, wote kwa pamoja, hakuna anayesikia mwenzake. Mie jikoni nakoroga. Zimenibakia juzuu kumi na nne na kipande. Tangu jana nilijua sitafika. Hata hivyo moyo ulikuwa ukingoja, sijui unangoja nini.

Zikaja dua, ikaja amina. Mama mdogo akaja akanishika bega, machozi yanamtoka. Pumzika sasa, mwanangu. Tumekumalizia.

Alinihurumia kweli. Nikasema ahsante. Nikamimina chai, ilikuwa bado moto.

Alhamisi, 2 Agosti. Nosi Be

Nimerudi na msahafu. Mume wangu yuko kazini, jirani kasafiri. Hakuna anayeniita.

Kimya hiki nimekililia siku arobaini. Leo nimekaa nacho asubuhi nzima. Simsikii Mungu. Simsikii mama. Namsikia kuku.

Nimesoma kuanzia penye uzi, polepole. Kurasa mbili, zile zilizogandana. Nimezitenganisha kwa kisu.

Mariama, binti yangu, amekuja kukaa mkekani. Ana miaka kumi. Kauliza namsomea nani. Nikamwambia bibi yako. Akauliza, na wewe, mama, atakusomea nani?

Maneno ya mama ya kuniomba nimsomee yakanijia mdomoni, yote, kama alivyoyasema. Nikayameza. Nikamwambia nenda kacheze.

Uzi nimeusogeza. Yeye yuko uani anaruka kamba, anahesabu kwa sauti. Nimemwacha apige kelele.