Wagonjwa wa Chumba cha Chini

5 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui sana. Mimi mzima, ila usingizi ni wa kuazima. Najua simu huisikii vizuri siku hizi, kwa hiyo habari njema naileta kwa kalamu: ile makala yangu ya saratani ya matiti imetajwa na watafiti wenzangu mara mia tatu. Kila anayeandika kuhusu dawa ile sharti anitaje. Huku ndivyo tunavyopimwa: umeandika makala ngapi, na nani amekutaja. Na wale wagonjwa wangu wa chumba cha chini, wote uvimbe umenywea. Niombee, kamati ya vyeo inakaa mwisho wa mwaka.

Kitindamimba wako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inanung'unika lakini bado inanibeba. Mara mia tatu! Zamani binti akitajwa na watu wengi hivyo, mama yake alijifungia ndani. Mimi nimetoka nje kutangaza. Makala uliyonitumia nimeibandika ukutani ingawa lugha yake siijui. Nimepiga chapa ofisini miaka yangu yote, kazi safi naijua nikiiona. Ukurasa wa mwisho tu ndio wameuacha nusu wazi, waambie wasirudie. Lakini nimefurahi zaidi kwa ajili ya hao wagonjwa. Wasalimie, na uwahimize wale.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Haraka haraka tu, kazi imenielemea. Wagonjwa wamezipokea salamu, na wanakula kuliko mimi.

Kitindamimba

2 Oktoba

Mwanangu,

U hali gani? Nimekawia kukujibu, na wewe umekuwa kimya, najua ni kazi. Nina jambo, na usishtuke. Tangu mwezi wa nne nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari alitaka kunipasua mara moja, nikamkatalia. Nilimwambia binti yangu anautibu ugonjwa huu bila kisu, wagonjwa wake wote wamepata nafuu, na mabingwa wa dunia nzima wanamtaja. Alinieleza tena na tena, mwisho akasema ni hiari yangu. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kukuharakisha, kamati isije ikasema umelipua kazi. Sasa uvimbe umefika kwapani na sina ubavu wa kulalia. Kama dawa iko tayari, nitumie hata kidogo.

Mama yako

11 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Wagonjwa wangu ni panya, Mama. Panya weupe, kwenye vizimba. Najua unavyowaogopa, nikaona nikiwataja hutasoma barua zangu tena. Nikawaita wagonjwa, nikacheka peke yangu, na utani ukawa mazoea. Hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kuitumia dawa ile. Hao wote wanaonitaja nao wana panya wao.

Nakuomba, siku utakayoipata barua hii nenda ukamwambie daktari akupasue. Kamati inakaa mwisho wa mwezi ujao. Nikitoka tu pale, nakuja. Na makala inayofuata nitaianza kwa jina lako, juu kabisa.

Kitindamimba wako

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako amehamia kwangu, ndiye anayeniandikia. Nilikwenda. Daktari anasema kisu hakina kazi tena, ugonjwa umeshaingia kwenye ini.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Kwa siku kadhaa sikutaka hata kuiona barua yako. Kisha nikafikiria kwamba yote haya yalianza kwa kunihurumia mimi nisiote panya, nikalia mpaka dada yako akaja mbio.

Jina langu usiliandike popote. Nikitajwa na watu nisiowajua, nitapata nini? Njoo wewe uniite Mama. Sikio la kulia bado linasikia, mtu akiinama karibu. Kamati na ikae bila wewe.

Mama yako

3 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika jana jioni. Kamati imenipitisha, sasa mimi ni profesa, na naona aibu kuliandika neno hilo hapa pembeni yako.

Dada anasema tangu wiki iliyopita huitiki mtu. Niliinama kwenye sikio la kulia nikakuita. Nikaita tena, na tena, kwa sauti ya juu, mpaka dada akanishika bega. Moyo umenivunjika, Mama. Basi nimeomba kalamu, kwa sababu barua zangu hukuwahi kuziacha bila kujibu. Nimeketi kitandani kwako, upande wa dirisha, penye mwanga. Ukifumbua macho utanikuta nimekushikia karatasi hii, na maneno ya mwisho nimeyaandika makubwa ili yasikuchoshe.

MAMA, NIMEKUJA.