Sauti ya Shangazi Kwenye Filamu

Shoga, nimeishiwa nguvu. Ndiyo kwanza tumerudi kutoka kwenye uzinduzi wa filamu ya shangazi.

Baada ya miaka yote ile jukwaani, hatimaye kapata filamu kubwa. Kwenye skrini anafungua mdomo, inatoka sauti ya mwanamke mwingine. Mwingine kabisa!

Akamgeukia mwongozaji: "Hiyo si sauti yangu."

Jamaa hata haya hana: "Yako imechoka, mama. Tungekwambia ungekataa."

Imechoka! Sauti iliyokuwa inafika viti vya nyuma bila kipaza sauti!

Mlangoni mama mmoja mtazamaji akamshika mkono huku analia: "Dada, sauti yako haijazeeka hata kidogo."

Shangazi akanong'ona, "Asante."

Basi, hajasema tena. Kajifungia chumbani. Nikigonga mlango, na yeye anagonga kutoka ndani.