Vitabu vya Sala vya Marani

Dada Tabitha,

Hujambo? Mimi niko Marani, ambako mvua hunyesha kila alasiri na ndizi haikosi mezani. Natengeneza vitabu vya zamani vya sala vya Kikisii, vilivyosahauliwa kwenye stoo ya kanisa. Tumevikausha, tukavifuta ukungu na kuvishona upya.

Jana padri alikuwa akiniambia tuvifungie kwenye kabati la vioo, ndipo akaingia Mama Moraa, mkulima wa chai. Akaomba kitabu kama alichokuwa akisali nacho marehemu mama yake.

"Mama, hivi ni vya kuangalia tu," padri akamwambia.

"Padri, mimi sikukuja kuangalia. Nimekuja kusoma."

Nikampa maji na taulo, akanawa mikono, nikamfungulia kitabu kimoja. Alisoma kwa sauti, polepole, kisha akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hili neno alikuwa analisema mama," akasema. "Tangu tumzike sijalisikia tena."

Padri alitoka, akarudi amebeba kiti, akakiweka dirishani penye mwanga. Mama Moraa akaketi, akaendelea kusoma.

Nibusie watoto, na huo mguu wako upone upesi.

Mdogo wako,
Neema