Mistari Niliyoifuta

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tandika hatujambo. Goti la babu yako limetulia, na mama yako mdogo amejifungua binti.

Unauliza ufanyeje na hao wakongwe wa kuandika programu uliopewa uwafundishe mfumo mpya, wanaokaa kimya tu darasani. Mie nami nilipewa watu wazima kama hao, nikiwa msichana. Nikihamishia programu ya mmoja wao, Mzee Hamisi, kwenye mashine mpya, nilikuta mistari nisiyoielewa. Nikasema takataka, nikaifuta mbele ya wenzake. Mchana umeme ukakatika. Uliporudi, kazi yetu yote ya asubuhi ilikuwa imepotea.

"Binti," akasema taratibu, "hiyo uliyofuta ndiyo ilikuwa inakumbuka tulipoishia."

Niliona aibu, Salma. Kesho yake nilimwamkia, nikampa chaki, nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Akatueleza programu yake mpaka adhana ya adhuhuri. Mpaka leo nikinusa vumbi la chaki, namsikia.

Alipomaliza, alinirudishia kile kipande cha chaki.

"Haya, mwalimu," akasema, "sasa tufundishe."

Bibi yako