Springi Ulizozikata, Kaka Shabani

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia, lakini nimeshindwa kuanza bila shikamoo, mkono umekataa.

Jana nimeliendesha gari lako mahali ambako hakuna ng'ombe.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni kwa Mama, daftari liko magotini, na upepo huu wetu unanigeuzia karatasi kabla sijamaliza mstari. Mwandiko wangu unaujua, darasa la saba ndiyo mwisho wangu. Pale nitakapokosea usinicheke. Au cheka tu, kaka. Kicheko chako kimepungua sana hapa nyumbani.

Nianze na siku tuliyomaliza matanga. Wazee waligawa vitu vyako, mashati kwa huyu, baiskeli kwa yule, gari likabaki. Baba Mdogo wa Kintinku akasema atalichukua yeye. Betri ilikuwa imekufa, kwa sababu tangu ulipofariki sikuwa nimeliwasha tena. Nisamehe hilo. Hospitali kila nikija ulikuwa unauliza, "Umeliwasha?" na mimi nilikuwa naliwasha kila asubuhi, nikakuletea jibu. Baada ya hapo sikujua tena jibu nampelekea nani.

Basi vijana wakamsukuma Baba Mdogo, amekaa kwenye usukani na kofia yake, mpaka pale korongoni. Gari likalalia tumbo. Wewe ulikuwa na ujanja wako wa kupita upande upande, tairi moja moja, yeye alienda nalo moja kwa moja. Alirudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye ndevu, akasema mbele ya watu wote, "Hili si gari. Hili ni banda la kuku lenye matairi." Watu walicheka, kaka. Mama naye alicheka, ameficha mdomo na khanga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Hapo ndipo nikasikia sauti yangu inasema, nipeni mimi. Baba Mdogo akauliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni na gari la fujo wanakutana wapi. Nikawaambia habari ya wale watu wa Dodoma. Wazee wakazungumza, wakakata hivi: nilitengeneze, nilipeleke kwa hao watu siku ya wanaoanza, wakaguzi wakilikubali ni langu. Wakilikataa, Baba Mdogo anakuja na fundi wake wanalikata liuzwe vyuma chakavu. Nikakubali. Sikujua nimekubali nini.

Unawakumbuka wale watu. Walisimama hapa Mkiwa kula kuku, magari yao yana namba kubwa milangoni, ukawaganda mpaka wakakueleza kwamba wanakodi kambi ya zamani ya mkandarasi wa barabara, mbele ya Ikungi, pale palipobaki lami pana, na wana siku ya watu wanaoanza kukimbiza magari. Si mashindano. Kila mtu na gari lake la mtaani, linaingia moja moja, mwalimu amekaa pembeni yako. Ulirudi unang'aa kama umepakwa mafuta. Namba yao ukaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mama ameshalisiliba jiko udongo mara mbili tangu hapo, na pale kwenye namba anapazunguka.

Mimi najua kwa nini uliitaka siku ile. Ni kwa ajili ya ule mwendo wa kutoka Singida, mimi nina mimba ya Rehema, ndama akatoka kwenye majani na wewe umekimbiza. Gari lilisimama ndama akiwa ananusa boneti. Ulizima injini, ukaniambia, "Zai, barabarani sikimbizi tena. Nitatafuta mahali pasipo na ng'ombe wala mtoto wa shule." Na kweli hukukimbiza tena. Watu waliona bomba kubwa la moshi na stika wakadhani wewe ni mhuni wa barabara. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, ninajua.

Basi nikapiga ile namba ya ukutani. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, akanitajia mambo yanayokaguliwa, nikaandika. Mafuta ya breki yawe mapya. Matairi yasioneshe nyuzi. Mkanda wa kiti ushike. Betri ifungwe kwa chuma. Ndani kusiwe na kitu chochote kinachoweza kuruka au kuteleza. Nikamuuliza, na nguvu ya injini je? Akasema iliyopo inatosha, wao wanataka gari linalosimama kwanza, kukimbia kutafuata. Halafu akauliza, springi ni zake au zimekatwa?

Nikasema zimekatwa. Akasema zilizokatwa hawaziruhusu, gari linaruka kwenye kona.

Kaka, hapo nilikaa chini. Kwa sababu ile kazi niliiona kwa macho yangu. Fundi Sungi alikukatalia, akakuambia kukata springi ni kuharibu gari, wewe ukaazima grenda ya kukatia chuma na kukata mwenyewe nyuma ya nyumba, duara moja kila springi, cheche zinaruka mpaka kuku wa Mama wakahama. Gari likakaa chini. Ulizunguka ukilitazama kama bwana harusi. Na yale maduara manne Mama hakuyaacha yapotee. Moja likaenda chini ya mtungi wa maji, moja chini ya chungu cha mlenda, moja linazuia mlango usipigwe na upepo. La nne ulimpa Rehema, likawa usukani wake. Mpaka leo anaendesha nalo uani, mdomo unalia kama bomba lako.

Nikaona njia ni rahisi. Nikachukua yale maduara. Nikaunyanyua mtungi wa Mama, nikauwekea matofali chini, nikambembeleza Rehema aniazime usukani, nikayafunga kwenye khanga, nikapanda basi na Rehema mpaka Ikungi kwa Fundi Sungi, ambako gari lilikuwa limevutwa kutoka korongoni. Nikayamwaga mbele yake. Nikamwambia, shikamoo fundi, vipande vyake hivi hapa, vyote vinne, vichomelee virudi.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanitazama usoni, akaacha.

"Mwanangu," akasema, "springi haiungwi. Ukiichomelea kinabaki chuma tu, na kwenye kona kinakatika. Tutatafuta nyingine."

Nikalia pale gereji mbele ya watu. Si kwa ajili ya springi. Rehema akanipangusa kwa kiganja chenye grisi, nikarudi Mkiwa nimepakwa masizi kama nimetoka kuiba mkaa, yeye na usukani wake mkononi.

Springi nyingine zilipatikana, za gari kama lako lililokuwa limekaa juu ya mawe huko Singida mjini, nzima, hazijaguswa na grenda ya mtu. Fundi akasema nifungue mwenyewe zako za mbele, maana gari ni langu. Nilipoitoa ya kwanza niliona pale ulipokatia. Kuna mahali pamepinda kidogo, mkono wako uliteleza. Nilipapitishia kidole. Nikamwomba Fundi anisubiri. Yule mzee alienda kununua chai, akakaa nayo huko muda mrefu kuliko chai yenyewe.

Kwa hiyo samahani, kaka. Gari lako sasa limesimama juu kama la mwalimu mkuu.

Na vingine nimetoa. Mipira ya tyubu uliyofungia kila kitu, betri, bampa, bomba, hata kile kioo cha ndani, ilijaa beseni. Mama anafungia mabanda ya kuku. Spika kubwa ya nyuma iko chumbani kwake, anasikiliza taarifa ya habari kwa mdundo wa disko. Chini ya kiti nilikuta maganda ya alizeti, kichana chako, na kandambili moja ya Rehema tuliyoitafuta wiki nzima. Mafuta ya breki tulibadilisha mimi na Fundi, yeye anakanyaga pedali, mimi nimelala chini nafungua nati na kufunga, mpaka hewa ikaisha. Siku hizi nikihisi basi linachelewa kushika breki najikuta nataka kushuka nikaangalie.

Bomba la moshi sikuligusa. Fundi alitaka tuweke la kawaida. Nikampigia yule dada, akasema mradi limeshikwa vizuri halina shida. Tukalitengenezea kishikio cha chuma, likabaki na sauti yake. Unajua kwa nini. Mama alikuwa akilisikia ukiwa bado njia panda, anabandika maji ya kuoga kabla hujafika. Tangu ulazwe hospitali hakuwa amelisikia likitokea njia panda.

Jana alfajiri nikaenda Ikungi. Rehema nilimwacha kwa Mama. Mama hakunitakia lolote, alisema tu nile kabla ya kuondoka. Tukaenda na Fundi Sungi mpaka kambini, tukapanga foleni na magari ya watu, mengine yamepakwa rangi ya kutisha. Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, hana haraka. Alitikisa betri, haikutikisika. Aliuvuta mkanda ghafla, ukashika. Aliinama na tochi akatazama springi moja moja, nami nimesimama nahesabu pumzi. Kisha akapiga goti mlangoni, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva.

Akatoka na lile duara la Rehema.

Kaka, nilijua ni nani. Juzi Rehema alikuwa gereji na mimi, nami chini ya kile kiti nilikuwa nimefagia kwa mikono yangu. Yule mtoto alilitia pale nikiwa sioni. Mzee akaliinua juu, akauliza, "Dada, unajua hiki kingeteleza mpaka chini ya pedali ya breki?"

Nikasema najua. Nikamwona akilini Baba Mdogo anakuja na msumeno. Nikamweleza yote palepale, kwamba ni kipande cha springi alichokata kaka yangu, kwamba kaka hayupo, kwamba mtoto amesikia mama anapeleka gari la mjomba akaona mjomba ataendeshaje bila usukani wake. Nilisema bila mpangilio. Mzee alinisikiliza huku akiligeuza mkononi. Halafu akapiga goti tena, akapitisha tochi chini ya viti vyote, akakagua gari lote upya kuanzia mwanzo. Fundi Sungi alivua kofia. Mwisho mzee akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo.

"Limepita," akasema. "Hiki nakaa nacho mezani. Ukirudi unakikuta."

Sasa nikueleze ilivyo. Wanakuvalisha kofia ngumu inayobana mashavu. Lami ni pana, koni zimepangwa, huoni mtu mbele yako wala nyuma. Mwalimu wangu alikuwa yuleyule dada wa kwenye simu. Akaniambia nitazame ninakotaka kwenda, koni nisizitazame. Mzunguko wa kwanza nilienda kama nimebeba mayai. Wa pili akasema kwenye mstari ule nikanyage breki kwa nguvu zote, nikashindwa, mguu una huruma. Akasema, "Kanyaga kama umeona ng'ombe."

Nilicheka ndani ya ile kofia peke yangu. Nikakanyaga. Gari lilisimama limenyooka, kaka, halikwenda kulia wala kushoto. Na wa tatu nikakanyaga mafuta, bomba likalia, kona ikaja, gari likainama kidogo likashika njia, halikuruka. Nadhani nilikuwa wa polepole kuliko wote. Hakuna aliyenicheka. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, mwalimu anasema nilikuwa naita jina la mtu.

Niliporudi mezani nikachukua duara letu. Nikampigia Baba Mdogo. Akasema, "Basi banda la kuku limefaulu." Halafu akauliza kama naweza kumchukua siku moja nimzungushe, kwa siri, mama mdogo asijue.

Nikamshusha Fundi Ikungi, nikaja nyumbani taratibu, magari yote yananipita. Njia panda nikakata kona. Nikafika korongoni, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikashuka moja kwa moja. Tumbo halikugusa. Ni mara ya kwanza gari lako linavuka pale bila kukwaruza, na limevuka hivyo kwa sababu nimeiondoa kazi yako. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Rehema alikuwa anakimbia ananifuata na mikono mitupu, anadai usukani wake. Nikampa. Mama alikuwa jikoni. Jiko linafuka, sufuria kubwa iko mafigani, na ndoo imewekwa pembeni na kata ndani yake, kama ilivyokuwa inawekwa. Alikuwa amesikia bomba njia panda akabandika maji. Mikono ilifanya yenyewe. Alisimama anaitazama ile sufuria, nami naitazama.

Kisha akaipua, akamimina kwenye ndoo, akachanganya ya baridi, akapima kwa kiwiko.

"Nenda ukaoge wewe," akasema. "Una vumbi kama lake."

Nikaoga, kaka. Yalikuwa ya moto kidogo kuliko ninavyopenda mimi. Ndivyo ulivyokuwa unayapenda wewe.

Leo asubuhi nimeliwasha. Hilo ndilo jibu nililokuletea, na kila asubuhi nitakuwa nalo. Barabarani sitakimbiza, nakuahidi kama ulivyoniahidi. Siku nyingine ya wanaoanza ikitangazwa nitakwenda, na Rehema miguu yake ikifika kwenye pedali nitampeleka kule kwenye kiwanja cha mpira ulikonifundishia kuendesha, nimwambie yote uliyoniambia, ila habari ya grenda nitamwambia mwisho.

Nakuacha sasa, Mama ananiita nimrudishie duara la mtungi, amechoka na matofali. Pumzika, kaka yangu. Gari limelala nyumbani.

Mdogo wako,
Zaituni