Palizi ya Ghorofa ya Chini

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ukiacha mafua ya vumbi ambayo huku hayamsazi mkutubi hata mmoja. Nimemaliza mwezi wa kwanza kazini, nimebakiza minne ya majaribio. Miaka yote ile nilisomea kuipanga elimu ya dunia kwa namba, na swali ninaloulizwa sana kuliko yote pale kaunta ni choo kiko wapi. La pili ni kwa nini mashine ya kuchapa imekwama.

Nikipata nafasi nashuka ghorofa ya chini, kwenye tasnifu za wanafunzi wa zamani ulizozijalidi wewe. Nafungua moja, nauona uzi mwekundu katikati ya kurasa, basi moyo unatulia. Nikirudi juu, hata mashine naibembeleza.

Mwanao,
Sindano

20 Februari

Sindano mwanangu,

Marahaba. Usishangae mistari kupanda mlima, naandika kwa kuegemeza rula. Daktari amesema jicho la kushoto ndiyo basi tena, na la kulia linafuata nyayo za mwenzake. Vinginevyo nakula, nalala, nagombana na redio.

Umenifurahisha na habari za uzi. Wewe ndiye uliyenitungia sindano tangu hujaanza shule, jina hukulipata bure. Unamkumbuka mwenzangu wa meza ya pili pale karakana ya kujalidi? Alikuwa akitoboa matundu matano mgongoni mwa kitabu, anashona, anawahi nyumbani. Tukamwita Haraka, baraka tukabaki nazo sisi. Mimi nilitoboa saba, kwa sababu tasnifu ni jasho la mtu. Nimefanya hivyo miaka thelathini, na walipoifunga karakana wakanipa saa ya ukutani.

Nataka nije nivishike vitabu vyangu kabla giza halijaingia. Niambie kama bado vipo.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole sana na jicho. Barua yako niliisomea chooni, wenzangu wasinione nikilia.

Huku kazi imetubana. Mkuu wetu ameanzisha kitu anachokiita palizi: kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka kumi kinapigwa mhuri na kutolewa rafuni, ipatikane nafasi ya meza za kompyuta. Mgeni ndiye mimi, kwa hiyo mhuri nimekabidhiwa mimi. Vya kwako usiwe na wasiwasi, vipo palepale. Ila usije kwanza. Kuna ukarabati, na ngazi za kushukia chini ni mbovu. Zikitengenezwa nitakwambia.

Mwanao,
Sindano

30 Mei

Sindano,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Nikajiambia kimya hiki si cha posta. Alhamisi nilikuja.

Ngazi ni nzima. Mama mmoja mfagizi alinishika mkono hadi chini. Nikapapasa rafu ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Kisha nikasikia mhuri ukigongwa chumba cha pili, na kikohozi chako. Mlangoni kulikuwa na masanduku. Yule mama akanisomea neno lililogongwa kwenye kitabu cha juu kabisa: KIMEONDOLEWA. Nikamuuliza vinapelekwa wapi. Akasema kiwandani, vinasagwa viwe karatasi tena.

Sikukuita. Mkuu wako alikuwa hapo akiisifu kasi yako, nikaona nisikuharibie. Nikarudi na basi la mchana.

Palizi, mwanangu, ni ya magugu. Lakini kazi ni kazi, mhuri nimeusamehe. Kilichonichoma ni ile ngazi yako mbovu.

Baba

12 Juni

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza.

Nilipiga mhuri vitabu mia nne na kumi na viwili, na tangu siku ya kwanza nilijua vingi ni vya mkono wako. Mkuu alisema vyote vimeshaskaniwa, hakuna kinachopotea. Nikaendelea kugonga. Nilikuwa kwenye majaribio, baba, na foleni ya wanaoitaka nafasi hii ni ndefu. Kukudanganya sina kisingizio, niliona aibu tu. Jumatatu nimethibitishwa kazini. Barua ya uthibitisho nimeitia kabatini, sitaki kuiona.

Kimoja nilikificha ndani ya sweta kabla gari la kiwanda halijafika. Ni kinene, jalada la kijani, uzi mwekundu. Kimo ndani ya kifurushi hiki. Kishike, baba, halafu uniandikie hata neno moja.

Mwanao,
Sindano

3 Julai

Sindano mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama. Jicho la kulia nalo limelala, kwa hiyo ninayemtajia maneno haya ayaandike ni jirani yangu fundi cherehani. Anapenda kuongeza ya kwake, nimemkataza.

Siku kilipofika sikutoka ndani. Nilikifungua katikati, nikapitisha kidole kwenye mshono, nikahesabu matundu. Nikahesabu tena. Matano.

Uzi mwekundu tulikuwa tukiuchukua stoo moja, sote wawili. Hiki ni cha Haraka, mwanangu. Miaka yote ile nilikupa sindano uitunge, matundu sikukufundisha kuyahesabu. Hilo kosa ni langu.

Mshono ulikuwa umelegea, na nilimwambia zamani kwamba utalegea. Nimeufumua, nimetoboa mawili yaliyopungua, nimeshona upya kwa kupapasa. Imenichukua siku nne. Jirani ndiye aliyenitungia sindano.

Haraka alifariki mwaka juzi, ila mkewe yupo. Jana nilimpelekea. Alilia, akasema hakujua kama kuna kazi ya mumewe iliyobaki.

Sasa ipo. Za kwangu usihangaike kuzitafuta.

Baba yako